Minyaa na Mkonge: Ua Upi kwa Mahali Gani?

Mtu atokaye Shinyanga mjini akaelekea Kahama, kisha akashika njia ya kaskazini hadi Geita, hawezi kukosa kuiona mimea miwili inayofanya kazi moja. Wa kwanza ni mnyaa, wenye vitawi vya kijani vya mviringo, vyembamba kama penseli, na usio na majani ya kuonekana kwa urahisi. Wa pili ni mkonge, wenye majani marefu magumu yaliyochongoka kwa mwiba nchani. Yote miwili huishi miaka mingi, yote miwili hustahimili ukame, na yote miwili imezizunguka kaya na mashamba ya Usukuma kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo watu wengi huihesabu kuwa kitu kimoja, yaani ua. Anayehitaji ua hukata tawi la mnyaa kwa jirani au hung'oa otea la mkonge kando ya njia, akapanda lolote lililo karibu.

Makala haya yanashikilia kwamba desturi hiyo ina kasoro. Mimea hii hufanana kwa uvumilivu tu. Haifanani kwa matunzo, kwa faida wala kwa madhara. Kinachopaswa kuamua uchaguzi wetu si urahisi wa kupata mche. Ni swali hili: ni nani atakayepita kando ya ua huo kila siku? Je, ni mtoto, ni mfugo, au ni maji ya mvua?

Kwa nini ua hai

Kwanza tukubaliane kwamba ua hai una thamani kubwa katika nchi hii. Ua wa miiba iliyokatwa huliwa na mchwa, na kila mwaka huhitaji kujengwa upya. Kila ujenzi ni migunga iliyoangushwa. Shinyanga inaijua vema gharama ya kuangusha miti. Mapori mengi yalifyekwa wakati wa ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba, wingi wa mifugo na mahitaji ya kuni viliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa lengo la kuirudishia ardhi uoto wake, hasa kwa kuhuisha ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili nyasi na miti vipate kuota tena. Ua hai ni ndugu wa ngitili: hupandwa mara moja, hulinda miaka mingi, wala haudai mti mwingine ukatwe.

Siri ya uvumilivu wao

Mimea mingi hufungua vinyweleo vyake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na wakati huohuo hupoteza maji mengi kwa sababu ya jua. Mkonge hufanya kinyume. Hufungua vinyweleo usiku, wakati hewa imepoa, huihifadhi kaboni hiyo kwa namna ya tindikali, na mchana huitumia kutengeneza chakula hali vinyweleo vimefungwa. Vitawi vya mnyaa navyo hutumia njia hiyohiyo, na vijani vyake vidogo hupukutika mapema. Ndiyo sababu mimea hii hubaki kijani mwezi wa Septemba, wakati kila kitu kingine kimekauka.

Lakini asili yao si moja. Mnyaa ni mmea wa Afrika, wa ukoo wa mpira na muhogo. Mkonge ni mgeni kutoka Meksiko. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyofika hai katika pwani ya Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, hata kufikia mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za katani kwa mwaka.

Matunzo

Kwa matunzo, mnyaa hushinda kwa wepesi. Tawi hukatwa, huachwa kivulini siku chache mpaka jeraha likauke na utomvu ukome, kisha huchomekwa ardhini mvua zikaribiapo. Huota katika luseni yenye mchanga, huota katika ardhi ya mawe, na ng'ombe hawauli. Hata kaya zilipohama wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, minyaa haikuhama. Katika mahame mengi mduara wa minyaa ndiyo alama pekee ya mahali palipokuwa na mji wa watu. Hata hivyo, wepesi huo una deni lake. Mnyaa usiopunguzwa hurefuka mpaka ukawa mti wenye shina tupu chini, na mbuzi hupita katikati kama mlangoni. Kwa hiyo hauna budi kukatwa mara kwa mara, na kila ukatapo, utomvu hutoka.

Mkonge hudai zaidi mwanzoni. Hauvumilii maji yaliyotuama, basi usipandwe katika mbuga nyeusi ya bondeni. Hupenda ardhi inayopitisha maji, na hustawi hasa katika ardhi yenye chokaa, ile ambayo Wasukuma huiita ibushi. Hupandwa kwa maotea yachipukayo shinani, au kwa miche midogo izaliwayo juu ya mlingoti. Maotea yasipong'olewa, ua hugeuka kichaka cha panya na nyoka. Tena mkonge huchanua mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa. Mwenye ua hana budi kuweka otea jipya mahali pa mmea uliokufa.

Matumizi

Kwa matumizi, mkonge ndio wenye mkono mrefu zaidi. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo 4 hivi za nyuzi kavu. Ni kiasi kidogo, lakini ni kiasi kinachopatikana kutoka katika mpaka wa shamba ambao vinginevyo usingezaa kitu. Nyuzi hizo hupatikana kwa kukwangua jani kwa mkono, hata pasipokuwa na korona ya karibu, nazo hutoa kamba za kufungia ng'ombe, vikapu na mikeka. Mlingoti uliokauka hufaa kwa dari na vichanja. Na mahali maji ya mvua yanapoteremka kwa kasi, mstari wa mkonge uliopandwa kwa kukingama mteremko huzuia udongo na kupunguza kukua kwa makorongo. Mkulima akumbuke tu asikate majani yote. Aache yapatayo 20 juu ya kila mmea.

Mnyaa hauna biashara. Katika miaka ya 1970 Melvin Calvin, mwanakemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alipendekeza mimea ya jamii hii ilimwe ili utomvu wake utoe mafuta mfano wa petroli. Wazo hilo halikufika sokoni. Kazi ya mnyaa imebaki ileile ya kale, kuzuia mtu na mnyama wasipite. Kazi hiyo huifanya vizuri kwa sababu moja tu, nayo ni utomvu wake mweupe.

Madhara ya utomvu

Utomvu huo ukiingia jichoni huunguza kioo cha jicho. Maumivu huwa makali, macho huvimba, na mtu huweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa; asipotibiwa, jicho laweza kubaki na kovu. Mtu aliyepatwa asafishwe jicho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda usiopungua robo saa, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali. Asitiwe dawa ya majani wala maziwa.

Liko jambo jingine lisilojulikana sana. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza saratani ya watoto ambayo aghalabu huvimbisha taya. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wa London walitangaza kuona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Virusi hivyo vimo katika miili ya watu wengi mno duniani, na kwa kawaida hulala bila kuleta madhara makubwa. Saratani hiyo huonekana zaidi mahali penye malaria nyingi, na nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali hapo. Tangu miaka ya 1980 uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba utomvu wa mnyaa una kemikali, ziitwazo esta za foboli, ambazo zaweza kuviamsha virusi hivyo vilivyolala ndani ya seli.

Tuwe waangalifu hapa. Matokeo ya maabara si hukumu. Hayasemi kwamba kila mtoto achezaye karibu na mnyaa ataugua. Malaria ina sehemu kubwa zaidi katika jambo hili. Lakini yanatosha kutufanya tuache mambo mawili: kuwaachia watoto wachezee vitawi vinavyovuja, na kutumia utomvu huo kama dawa ya jino, ya chunjua au ya tumbo.

Mkonge nao hauna usafi kamili. Maji ya jani lake huwasha ngozi, na mwiba wa nchani waweza kutoboa jicho la mtoto au la ndama. Tofauti ni kwamba hatari ya mkonge huonekana, na huondolewa kwa kukata ncha kwa kisu. Hatari ya mnyaa imefichwa ndani ya kitawi kilicho laini na cha kupendeza, kinachovunjika kwa kidole cha mtoto wa miaka miwili.

Kila mmea mahali pake

Wako watakaosema kwamba minyaa imewalinda babu zetu vizazi na vizazi, na kwamba kuishuku leo ni kuwadharau. Hoja hiyo ina uzito, lakini haizingatii kwamba kaya ya zamani ilikuwa pana, na ua wa minyaa ulikuwa mbali na mlango wa nyumba. Leo, katika miji midogo na katika makazi ya wachimbaji wa dhahabu kama vile Nyarugusu na Rwamagasa, nyumba zimebanana, na ua uliokuwa pembeni mwa boma sasa uko hatua tatu kutoka mahali mtoto anapokaa. Mmea haukubadilika, kilichobadilika ni umbali.

Basi pendekezo letu si kung'oa minyaa. Mpakani mwa shamba na kandokando ya makorongo, upandwe mkonge. Uwanjani mwa nyumba, shuleni na kisimani, usipandwe mnyaa kabisa. Uliopo na ukatwe na mtu mzima aliyefunika macho na mikono, na matawi yafukiwe mbali. Minyaa ibaki mahali ambapo twataka mtu yeyote asipite.

Na mahali hapo Geita inapo kwa wingi. Ukanda wa dhahabu una mashimo mengi yaliyoachwa na wachimbaji wadogo, yaliyofunikwa na nyasi, ambamo ng'ombe na hata watu hutumbukia. Dawa ya kweli ya shimo ni kulifukia. Lakini hadi siku hiyo ifike, uzio wa miti mikavu huibwa kuwa kuni, na waya huibwa kuuzwa. Hakuna aibaye mnyaa. Mduara wa minyaa uliopandwa kwa kubanana, katika ardhi imara hatua kadhaa kutoka ukingoni, haumgharimu mwenye eneo chochote ila siku moja ya kazi kabla ya mvua. Na kila amwonaye mnyaa atajua kwamba ndani yake hapaendeki.

Utomvu uleule unaoufanya mnyaa usifae karibu na mkeka wa mtoto ndio unaoufanya ufae karibu na shimo. Kabla ya masika yajayo, kila mwenye kaya na auzunguke ua wake kwa miguu, atazame urefu wa mkono wa mtoto wake, kisha aamue ni mmea upi ubaki na ni upi uhamishwe.