Ukomo wa miaka 45 unatufungia nje sisi tusiohama

Mtu mzima akisema anafikiria kurudi shule, hujibiwa haraka: elimu haina mwisho. Nimeambiwa hivyo kanisani, nimeambiwa kwenye kikao cha wazazi, na hivi karibuni shemeji yangu amenitumia kwenye simu picha ya Mzee Kimani Maruge, yule Mkenya aliyeanza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Chini yake ameandika: “Shemeji, huna kisingizio.”

Namheshimu sana Mzee Maruge. Lakini yeye alikwenda shule ili aisome Biblia mwenyewe na ajue kuhesabu fedha zake. Hakuwa anatafuta kazi. Mimi nina miaka 41, ni fundi cherehani hapa Vudee, juu kwenye milima ya Pare Kusini, na ninachokitaka ni uuguzi. Ninasita, na wanaoniona ninasita hudhani naogopa kuchekwa na watoto darasani. Wangekaa na kalamu kama nilivyokaa mimi, nao wangesita.

Niliacha shule mwaka 2000 nikiwa kidato cha pili, kabla ya mtihani wa taifa. Huku kwetu ada ya wengi ilitoka kwenye kahawa. Makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei yalivunjika mwaka 1989, na tulipoingia miaka ya 2000 kahawa ilikuwa haimlipi mkulima hata gharama ya kuihudumia. Baba alikuwa na watoto wawili sekondari na ada ya mmoja. Kaka alikuwa karibu kumaliza, akamaliza yeye. Shule za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi baada ya 2004, mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na nimeshaanza kushona. Sina kinyongo na baba, Mungu amrehemu. Alichagua kwa hesabu aliyokuwa nayo.

Uuguzi ulinijia polepole. Nilianza kwa kujitolea kwenye mizani ya watoto siku za kliniki, nikaendelea kwa kuwakumbusha kina mama tarehe zao, kisha majirani wakazoea kuja kunigongea usiku. Mjamzito akisema kichwa kinamgonga na anaona maruweruwe, na miguu imevimba, sisubiri kupambazuke. Namwamsha kijana wa bodaboda na natafuta kanga nzito, maana Julai ukungu wa huku unapenya mpaka kwenye mifupa. Hayo niliyajua kwa kuelekezwa na wauguzi na kwa kuyaona. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikisha zaidi ya 137,000 nchini katika miaka mitano, wakiwa wamepata mafunzo rasmi. Ni jambo jema. Ndilo pia lililonionyesha kwamba kazi niliyoizoea inageuka kuwa ya cheti, nami cheti nilichonacho ni cha darasa la saba.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Jioni, makande yakiwa jikoni, anaweka madaftari yake juu ya meza ya cherehani, upande ambao sijautandazia kitambaa. Usiku mmoja alikuwa anasoma Baiolojia, sura ya mzunguko wa damu. Nikachukua chaki yangu ya kukatia nguo, nikachora moyo juu ya kipande cha khaki kilichobaki kwenye kaptula za wanafunzi, nikamwonyesha damu inaingia wapi na inatokea wapi. Akalinganisha na kitabu. “Mama, umepatia.” Kisha akanisomea swali lenyewe, kwa Kiingereza, nami sikuelewa hata linauliza nini. Akanitafsiria, nikalijibu lote. Tulirudia hivyo mpaka makande yakaiva: yeye anatafsiri, mimi najibu.

Mtihani wa kidato cha nne hauna binti pembeni. Mtu wa rika langu akirudi shule, anaikuta Kemia, Baiolojia na Fizikia, masomo yanayotakiwa na vyuo vya uuguzi, yakimngoja katika lugha ambayo hajaitumia kwa robo karne. Hilo peke yake ni mwaka mzima wa kazi, na sijawahi kumsikia anayehimiza elimu ya watu wazima akilitaja.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa kuwa sikufanya mtihani wa kidato cha pili, lazima nianze na Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Nikijisajili Januari 2026, nitafanya QT Novemba mwaka huo, na kidato cha nne Novemba 2027. Matokeo hutoka Januari 2028. Chuo huanza mwishoni mwa mwaka. Stashahada ya uuguzi ni miaka mitatu. Nikifaulu kila hatua, nisiugue, mvua za vuli zisikatae na cherehani isife, nitamaliza mwaka 2031 nikiwa na miaka 47.

Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma usome masharti ya jumla. La kwanza karibu kila mara ni lile lile: mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye kazini serikalini. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo nao umekuwa ukiweka ukomo wa miaka 35 kwa anayeomba mkopo. Kwa hiyo chuo nitajilipia kwa sindano, na nikitoka na cheti mkononi, zahanati za serikali, ambazo ndizo nyingi huku milimani, hazitaweza kuniajiri. Hapo ndipo “elimu haina mwisho” inaponiudhi, kwa sababu anayeniambia anajua fika kwamba ajira ina mwisho.

Najua ukomo huo haukuwekwa kwa chuki. Mtumishi hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na ili apate pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Ukitoa 15 katika 60 unabaki na 45. Anayeingia amechelewa angetoka bila pensheni. Kama ndiyo sababu, ipo njia: tuajirini kwa mkataba, wa miaka mitatu mitatu, wenye kiinua mgongo mwishoni. Sijaomba pensheni. Kutoka 47 hadi 60 ni miaka 13 ya kuzalisha akina mama na kuchanja watoto.

Pingamizi lenye uzito zaidi aliniletea binamu yangu, ambaye mwanawe amemaliza chuo cha afya na yuko nyumbani anasubiri ajira. “Dada, vijana wako mtaani, wewe unataka kuingia kwenye foleni hiyo hiyo?” Hilo liliniumiza, kwa sababu kijana yule nimemshonea mimi sare ya chuo. Lakini tuseme ukweli tunaoishi nao huku. Muuguzi kijana akipangwa mlimani, mwaka wa kwanza ana simanzi, wa pili anaandika barua ya uhamisho. Simlaumu: mchumba yuko mjini, barabara wakati wa masika ni utelezi, na yeye hana mtu huku. Mimi nina nyumba Vudee, nina mume, nina migomba, na mfereji wa ndiva, bwawa letu la asili la kumwagilia, unapita shambani kwetu, zamu yetu ya maji inajulikana. Wazazi wangu wamezikwa hapa. Nihamie wapi? Serikali inatafuta namna ya kuwafanya watumishi wabaki vijijini, na papo hapo sharti moja la tangazo linawaondoa watu ambao hawana mpango wa kwenda popote.

Bibi yangu mzaa mama alijifunza kusoma katika madarasa ya ngumbaru, Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hakushuka mjini Same kutafuta darasa. Darasa lilimfuata mlimani, saa aliyokuwa ametoka shamba, kwa lugha aliyoielewa, na mwalimu alijua kwamba ikifika wakati wa kupanda maharage viti vitakuwa vitupu. Nchi ilikuwa maskini kuliko sasa. Leo tuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, tuna Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, tuna QT. Milango ya kuingilia ipo, na nawashukuru walioiweka. Mlango wa kutokea ndio uliofungwa, na mtu wa miaka 41 anauona tangu akiwa nje. Kisha tunashangaa kwa nini hajiandikishi.

Ninachoomba ni kitu kimoja, na nakielekeza kwa Ofisi ya Rais, Utumishi, na kwa wabunge wanaotoka majimbo ya milimani. Kwa kada za afya na ualimu, katika vituo ambavyo watumishi hawakai, ukomo wa 45 usimguse aliyepitia elimu ya watu wazima na akakubali kwa maandishi kufanya kazi kwenye kata yake. Aajiriwe kwa mkataba. Hakuna sheria mpya kubwa inayohitajika hapo, na kijana wa binamu yangu hatapoteza nafasi, kwa kuwa nafasi ninazozungumzia ni zile ambazo hata yeye ataziombea uhamisho.

Januari ndiyo mwezi wangu wenye fedha, kwa sababu ya sare za shule. Mume wangu ameniuliza, “Mama, nikuwekee za usajili au tununue mabati?” Nimemjibu aniwekee za QT. Mtihani huo nitaufanya, kwa kuwa hauniachishi cherehani wala haunitoi nyumbani, na nikishindwa kwenda mbele nitakuwa angalau namwelewa binti yangu anaposoma. Ila miaka mitatu ya chuo, ada, chakula, na wateja watakaohamia kwa fundi mwingine, hiyo siwezi kuitoa kwa ajili ya tangazo litakaloniambia nimechelewa. Nitaiamua Januari 2028 matokeo yakitoka, na kabla ya hapo kuna mabunge mawili ya bajeti.