PDF siyo mwalimu



Machi 2020, Rais wa Jamhuri alipotangaza kufunga mashule na vyuo vikuu juu ya Covid-19, wengi wetu tulikuwa G1 ao G2. Tulirudi nyumbani Kabambare na mabegi yetu, tukifikiri ni wiki nne tu. Siku zikapita. Kisha siku moja habari ikaja: profesa ameunda grupu ya WhatsApp. Tulifurahi sana. Tukasema, afazali, masomo yanaendelea.

Asubuhi tukapanda mlima kutafuta rezo. Mega tulizokuwa nazo zikaisha zote kwa kushusha kitu kimoja: PDF ya kurasa zaidi ya mia, picha za silabusi zilizopigwa kwa simu, zingine zimelala upande. Chini yake neno moja: «Someni.» Tuliuliza maswali, hakuna aliyejibu. Vyuo vilipofunguliwa, tukafanya mtihani juu ya ile PDF. Mwenye rezo alipita. Mwenye kukosa rezo aliitwa mvivu.

Hatutaji chuo wala profesa, sababu leo hatutafuti mtu wa kumtupia mawe. Ata yeye alikuwa na simu moja iliyopasuka kioo. Mega alinunua kwa feza yake. Na katika maisha yake yote ya kazi, hakuna mtu aliyemwonyesha namna ya kufundisha watu asiowaona kwa macho. Alituma kile alichokuwa nacho.

Ndiyo maana tunasema wazi: masomo ya mbali hayaanzi na intaneti. Yanaanza na mwalimu. Kama mwalimu hakusaidiwa, ata ukiweka antena juu ya kila nyumba ya Kabambare, tutapata paka PDF zinazofika haraka zaidi.

Hii siyo mawazo ya mashomeri peke yao. Mwezi ule ule wa Machi 2020, Charles Hodges na wenzake, walimu wa vyuo vya Marekani, waliandika kwamba kuhamisha masomo kwa haraka juu ya hatari ni kitu kimoja, na kufundisha kwa intaneti ni kitu kingine. Walisema somo moja kamili la intaneti kwa kawaida linatayarishwa miezi sita mpaka tisa mbele ya kuanza. Miezi sita, kwa nchi yenye umeme na kompyuta! Huku kwetu mwalimu anaambiwa siku ya Ijumaa kwamba Jumatatu anafundisha kwenye simu.

Kuna watu watatuambia: «Nyinyi wa Kabambare, barabara hamna, umeme hamna, mnaota intaneti?» Tunawajibu: ni barabara hiyo hiyo inayotufanya tuote. Vyuo vyetu vya Maniema vinaishi kwa maprofesa wageni. Profesa anatoka mbali, anafika amechoka, anamaliza saa 45 za somo kwa siku chache, asubuhi mpaka jioni, anafanyisha mtihani, anaondoka. Kama hakupata njia ya kufika, wanafunzi wanamngoja miezi na mwaka wa masomo unarefuka. Mzazi anaendelea kulipa nyumba ya kupanga na chakula. Na tangu Goma ianguke mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu Februari, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa. Mwalimu wa upande wa Kivu atapita wapi? Kwa hiyo somo la mbali kwetu siyo anasa ya watu wa mji mkubwa. Inaweza kuwa njia pekee iliyobaki.

Tena, tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Leta imeingiza vyuo vyote katika LMD. Mpango huo unataka mwanafunzi afanye sehemu kubwa ya kazi yeye mwenyewe, na mwalimu amwongoze. Muzuri sana kwenye karatasi. Lakini mwalimu aliyezoea kusimama mbele na kusomea watu silabusi waandike, nani alimfundisha kuongoza?

Sasa, kumsaidia mwalimu maana yake nini? Tuseme mambo ya kweli, yanayowezekana hapa kwetu.

Kwanza, kumwonyesha kwamba sauti ya saa moja na nusu haisikilizwi. Sauti ya dakika tano, yenye wazo moja na swali moja mwishoni, inapita ata kwenye rezo ya mlimani, na mwanafunzi anaweza kuisikiliza mara tatu akiwa shambani. Kurasa nne zilizoandikwa vizuri zinakula mega kidogo kuliko picha moja ya silabusi.

Pili, kumzoeza kujibu. Mwanafunzi wa mbali akinyamaza, siyo lazima ameelewa. Pengine simu imezimika, pengine amekata tamaa. Mwalimu apange siku na saa ya maswali, ijulikane. Akipokea kazi, airudishe na neno: hapa umekosea, hapa uko sawa. Bila jibu, hakuna darasa. Kuna grupu tu.

Tatu, kutumia vitu visivyohitaji intaneti kila saa. Kuna programu kama Kiwix, inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila rezo, mara tu imewekwa kwenye kompyuta. Na radio je? Vijiji vyetu vinasikiliza radio kila siku. Somo linaweza kupita asubuhi kwa radio, maswali yakaja jioni kwa mesaji.

Nne, kumlipa. Vyuo vyetu vimejaa maasistani wanaofundisha miaka mingi bila matrikule, bila mshahara wa Leta. Huwezi kumwambia mtu kama huyo anunue mega, alipe kusharje simu, akeshe akisahihisha kazi za wanafunzi themanini, halafu umwite shujaa. Ushujaa hauliwi.

Feza iko wapi? Swali hilo tunalijua, tunalipewa kila siku. Basi tukumbushe kidogo. Toka 2020, Leta ilikuwa ikikata unite zetu kwa jina la RAM: dola moja kwa mwaka kwa simu ndogo, dola saba kwa simu ya 3G na 4G. Mwanafunzi aliyepanda mlima kutafuta somo, alikatwa na yeye. Raia walipiga kelele mpaka RAM ikaondolewa mwanzoni mwa 2022. Kumbe njia ya kutoa feza kwenye simu ya mwanafunzi ilipatikana haraka. Njia ya kuingiza somo ndani ya simu ile ile ndiyo inayokosekana? Na ule Mpango wa Taifa wa Dijitali wa 2019 ulikuwa na jina «Horizon 2025». Mwaka 2025 ulifika. Sisi bado tuko mlimani.

Kuna wengine walioanza mbali na wakafika. Jirani yetu Tanzania ilitunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, wakati simu za mkononi bado hazijajulikana huku. Hawakungoja intaneti. Waliweka vituo mikoani, mahali mwanafunzi anapata vitabu, anafanya mtihani, anakuta mtu wa kumwuliza. Somo ni hilo: ata darasa la mbali linahitaji mtu wa karibu.

Na mtu huyo yuko. Ni sisi. Tuko hapa na diploma zetu ndani ya plastiki, tunauza unite chini ya mwavuli, tunaendesha pikipiki, tunangoja. Profesa akibaki Kinshasa ao Lubumbashi na kufundisha kwa mbali, sisi tunaweza kuwa mikono yake hapa: kukusanya wanafunzi, kuwaeleza tena, kusimamia mtihani, kumwambia nani amekwama.

Kwa hiyo tunaomba hivi:

1. Wizara ya Elimu ya Juu isiruhusu chuo kufungua masomo ya intaneti kabla ya walimu wake kupata mafunzo ya kweli. Semina ya siku moja yenye picha na soda haitoshi.

2. Mega na umeme wa kufundishia vilipwe na chuo na Leta. Visitoke mfukoni mwa mwalimu wala wa mwanafunzi.

3. Serikali ya Mkoa ifungue kituo kimoja Kasongo na kimoja Kabambare: sola, kompyuta chache, vitabu visivyohitaji rezo, na vijana wenye diploma walioajiriwa kusaidia.

4. Hakuna mtihani juu ya somo ambalo mwanafunzi hakuwa na njia ya kulipata.

Na ninyi wanafunzi mlio chuoni leo: msikubali PDF iitwe somo. Ulizeni, kwa heshima lakini bila woga: «Profesa, tutapata lini saa ya maswali?» Siku mwalimu atakapoanza kujibu, pale ndipo darasa litakuwa limefunguliwa, ata kama tuko bado juu ya mlima.