Staa, Hiyo Sarafu ya ‘ESSAI’ Isitupoteze Watu wa Temeke

Wadau, kuna staa wetu mmoja wa Bongo Fleva (jina naliweka mfukoni, mnamjua) kaposti sarafu ipo ndani ya kiboksi cha plastiki, imeandikwa ESSAI, akaongezea “hii ni nyumba”. Basi Tandika mpaka Mbagala watu wamechanganyikiwa, kila mtu anafukua sanduku la bibi.

Tuelewane. Essai ni Kifaransa, maana yake jaribio. Kiwanda cha sarafu cha Paris kikitaka kutoa pesa mpya, kinapiga kwanza chache za kujaribia, wakubwa wazione. Nyingine wanapewa hao hao wakubwa, nyingine zinaishia kwa wakusanyaji. Kununulia mkate, hapana. Na siyo mambo ya mbali. Mwaka 1964 visiwa vya Komoro, vikiwa bado chini ya Ufaransa, vilipigiwa faranga zake, na zipo zenye neno hilo hilo.

Sasa kinachouma ni hiki: kitu kuwa kichache siyo lazima kiwe ghali. Bei inaletwa na wanaokitaka. Essai nyingi za makoloni ukiuza unapata hela ya chipsi kuku ya familia, siyo nyumba. Lakini rupia 15 ya dhahabu ya 1916, yenye tembo na mlima, ambayo Wajerumani waliipiga hapo hapo Tabora vita ilipowabana, ile inauzwa mamilioni. Na ile ilitengenezwa itumike! Cheki maajabu.

Ndiyo maana matapeli wa rupia hawaishi mjini. Anakuja na shati safi, anakwambia rupia yako ya Mjerumani ina zebaki, kuna tajiri anaisubiri, wewe toa tu hela ya kupimia. Dogo mmoja mtaani kwetu katoa hela ya marejesho ya bodaboda. Pikipiki imechukuliwa, mpimaji simu hapokei. Staa akiandika “hii ni nyumba” anawapigia debe watu hao, tena bure.

Kukusanya sarafu sina ugomvi nako, ni raha kuliko kukusanya raba. Ila mtu ajue alichoshika: mwaka, madini, nani kaipiga. Staa wetu katuonyesha upande mmoja tu. Ageuze basi tuone na wa pili, maana hata mwaka hatujauona.