Kangomba ni Adui wa Usawa

Serikali yoyote inayodai kupunguza tofauti kati ya mwenye nacho na asiye nacho haipimwi kwa wingi wa maazimio yake. Hupimwa kwa kile kinachobaki mkononi mwa mvuja jasho baada ya mazao yake kuuzwa. Katika uwanda wa Makonde, kuanzia Kitangari hadi Newala na kuteremka mpaka Masasi, mazao hayo ni korosho. Na adui wa usawa huko anajulikana kwa jina hata na watoto wadogo. Jina lake ni kangomba.

Mnunuzi wa kangomba huingia kijijini katika miezi ya dhiki, wakati chakula kimekwisha ghalani na korosho zingali maua mtini. Mkononi ana fedha taslimu, chombo chake cha kupimia badala ya mizani, na bei aliyoipanga mwenyewe. Mkulima mwenye mgonjwa ndani, au mwenye mtoto anayedaiwa sare ya shule, hana nguvu ya kubishana naye. Ikifika Oktoba, mkulima huyo huokota korosho katika shamba lake mwenyewe kwa faida ya mtu mwingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Anayeuza kilo 100 kwa shilingi 1,000 kila kilo hupata shilingi 100,000. Zikija kuuzwa mnadani kwa shilingi 3,000, kilo zile zile huzaa shilingi 300,000. Shilingi 200,000 zimehama kutoka nyumba maskini kwenda nyumba yenye nafasi, bila ya mwenye nafasi kushika jembe. Huo ndio unyonyaji, hata kama mnyonyaji mwenyewe ni jirani anayesalimiwa kila asubuhi.

Taifa hili limepambana na tofauti za kipato kwa zana nyingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma na kuwafunga viongozi kwa miiko. Pengo la mishahara kati ya wakubwa na wadogo likapungua sana, na shule na zahanati zikafika vijijini. Lakini vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mkulima wa korosho akabaki na mnunuzi mmoja aliyelipa bei ndogo. Wengi walikuwa wamehamishiwa vijiji vya pamoja, mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiriunga ukazidisha msiba. Zao lililofikia tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74 liliporomoka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Huduma zilimfikia mkulima, kipato kikamkimbia. Fundisho lake ni kwamba usawa haujengwi kwa kumpa mtu kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho za Mtwara msimu wa 2007/08, ulikuja kuziba mwanya huo. Korosho hupimwa katika chama cha msingi, huhifadhiwa ghalani, kisha huuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Mkulima aliyekuwa peke yake mbele ya mlanguzi akapata sauti. Oktoba 2018 wakulima waliyakataa mnadani mabei waliyoyaona ya dhuluma, na mwezi uliofuata Serikali ikaamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Bei hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo malipo ya wengi yalichelewa mpaka mwaka 2019, na kuchelewa hakumuumizi kila mtu sawasawa. Mwenye akiba husubiri. Asiye na akiba hukopa, na anayemkopesha ni yule yule wa kangomba.

Wapo wasomi na watumishi wanaodai kuwa mkulima wa Kimakonde huuza mapema kwa ujinga, au kwa sababu hutapanya fedha katika sherehe za jando na unyago. Hoja hiyo ni ya kejeli. Mtumishi akipungukiwa kabla ya mwisho wa mwezi hukopa benki kwa dhamana ya mshahara wake, wala hakuna anayemwita mjinga. Mkulima naye ana mshahara wake mtini. Kinachokosekana ni chombo halali cha kumkopesha kwa riba nafuu. Wapo pia wanaohubiri kwamba soko huria litayanyoosha yote. Kangomba yenyewe ndilo soko huria lisilo na mizani!

Kwa hiyo vita hivi havitashinda kwa kuweka vizuizi barabarani wakati wa mavuno pekee. Vyama vya msingi havina budi kuwezeshwa kumkopesha mwanachama katika miezi ya dhiki, kwa dhamana ya korosho zake na kwa masharti yanayosomwa hadharani katika mkutano. Salfa imfikie kabla ya maua kuungua. Fedha za mnada zilipwe bila kuzungushwa, na kila makato yaandikwe mahali ambapo mkulima atayaona na kuyahoji. Kiongozi wa chama anayeshirikiana na walanguzi achukuliwe hatua kabla ya mkulima aliyeuza kwa njaa.

Mnada ulio wazi ni hatua kubwa, lakini hauna faida kwa mtu ambaye korosho zake zilikwisha kuuzwa zikiwa maua. Serikali inayotaka usawa Kitangari haina budi kufika Kitangari kabla ya kangomba.