Ordinatere mbili ndani ya moja

Wachimbaji wanaotoka Manguredjipa wanapofika Butembo, wengi wanafungulia mesaji za wanunuzi kwa sekretaria ya mtaa, pale ambapo flashi za watu wote zinapita kwa ordinatere moja. Virusi moja inatosha kuiba neno la siri, na feza ya minerval ya watoto inaenda nayo.

Tunaomba wenye sekretaria wa Butembo na Beni watie mashini ya virtuali. VirtualBox ni ya bure, Linux vilevile. Ndani ya Windows unatengeneza ordinatere ingine, na Linux yake. Intaneti na flashi za wateja zifunguliwe humo tu. Mteja akitoka, unairudisha vile ilikuwa asubuhi: virusi na maneno ya siri aliyoyaacha vinafutika pamoja.

Lakini tusidanganyane. Windows yenyewe ikiwa na virusi, ile ya ndani haina ulinzi. Na Windows 10, Microsoft iliacha kuitunza bure kwa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Tena ordinatere ya giga 4 itachoka. 8 ndizo zinafaa. Hiyo ni gharama, tunajua. Wakiongeza franga kidogo juu ya saa moja, sisi tutalipa.