SEHEMU YA 5: Binti kupenda mavazi siyo uhuni

Wamama wenzangu, leo mtanikasirikia, lakini nasema.

Binti akifika miaka 13, 14, akianza kuganda mbele ya kioo, wengi mnakimbilia neno moja: "ameshaharibika." Ameharibika wapi? Mwili umebadilika ndani ya muda mfupi, nyonga zimepanuka, matiti yametoka, gauni la Idi iliyopita halipiti mabegani. Mnategemea asijitazame?

Nasema hivi kwa sababu nimekosea mwenyewe. Wangu alinunua suruali ya mtumba pale Karume, elfu tatu, akaipunguza kwa mkono, akatia kiraka cha khanga yangu ya zamani. Mimi nimetoka zamu ya usiku, nikaona imembana, nikashika mkasi. Hakulia. Aliacha tu kunionyesha vitu vyake. Miezi miwili baadaye nakuta kwenye begi lake kopo la krimu ya kujichubua, halina hata maandishi ya kilichomo. Mimi, nesi, ninayewaambia kila siku kwamba baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na zebaki inaharibu figo! Alikwenda kumuuliza shoga yake, maana mama yake ana mkasi.

"Kwa hiyo nesi, atembee nusu uchi?" Jamani, nani kasema? Nyumba yako, mipaka weka. Sare ya shule ibaki sare. Mtumba ufuliwe na upigwe pasi kabla haujagusa ngozi. Viatu vya kubana vidole mimi nimekataa mpaka leo. Ila mwambie sababu, tena mwambie ukiwa umesimama naye hapo hapo kwenye kioo.

Na nyie wa "mavazi hayamlishi mtu", fundi aliyewashonea vitenge vya sendofu anakula nini? VETA wanafundisha ushonaji. Mustafa Hassanali alisomea udaktari, na ndiye aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008. Hivi shule na sindano viligombana lini?

Krimu tuliitupa pamoja. Nilimwomba msamaha kuhusu ile suruali (ndiyo, mama anaomba msamaha, hafi), nikamnunulia mkasi wake mwenyewe. Cherehani bado, mshahara wangu mnaujua.

Kesho sehemu ya 6: chunusi za balehe, na kwa nini dawa ya meno haziponyeshi.