Kamera Kubwa, Picha ya Giza

Ndugu msomaji, leo ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine limekwisha kukukuta wewe au jirani yako. Ni habari ya wapiga picha wetu, wale tunaowakabidhi siku zetu kubwa, harusi, ubatizo, maulidi, mahafali na hata misiba, tukiamini kwamba watatutunzia kumbukumbu ambazo sisi wenyewe hatuna nafasi ya kuzitunza wakati mambo yanapotendeka.

Hapana budi nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliteuliwa kuwa mjumbe katika kamati ya harusi ya binti wa jirani yetu hapa Morogoro. Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo, nayo ni kutafuta mpiga picha. Wakaja wawili. Wa kwanza alikuwa mtu mzima, kamera yake kuukuu, ukanda wake umeshonwa kwa uzi. Mkononi alikuwa na albamu tatu, lakini hatukuzifungua. Wa pili alikuwa kijana nadhifu, mwenye begi kubwa mgongoni. Alipolifungua, zilitoka kamera mbili mpya, lenzi ndefu kama mchi, taa, miavuli, na vyuma vya kusimamishia. Hatukumwomba atuonyeshe hata picha moja. Tulitazama vyombo vile, tukatazamana, tukampa kazi. Na mimi ndiye niliyesema, "Huyu ana vifaa."

Siku ya harusi, bibi mzaa mama wa bibi harusi aliteremka kutoka kijijini kwake, juu katika milima ya Uluguru. Wenyeji wa huku wanajua uzito wa jambo hilo. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo bibi mzaa mama si mgeni wa kukaa pembeni. Yeye ndiye shina, na wengine wote ni matawi. Alivaa kitenge kipya, akasimama uwanjani katikati ya wajukuu zake. Nyuma yao kilisimama kilele cha Lupanga, na juu ya kilele hicho mawingu meupe yaling'aa kwa jua la saa saba. Kijana akapiga picha. Akapiga tena, na tena, na tena, wala sidhani kwamba alisimama hata mara moja kutazama alichokwisha kupiga.

Picha zilipoletwa, mlima ulionekana vizuri mno, hata ungeweza kuhesabu miti. Mawingu nayo yalipendeza. Lakini nyuso za watu zilikuwa giza tupu, kana kwamba wamesimama nyuma ya pazia zito. Bibi hakuwa na macho wala tabasamu. Kilichobaki kwake kilikuwa kivuli kilichovaa kitenge.

Baba wa binti akamwita kijana, akamwuliza kwa upole kulikoni.

"Mzee wangu," kijana akajibu, "mashine hii ni ya mamilioni. Haikosei."

"Vema, mwanangu," mzee akasema. "Basi kama mashine haikosei, tumtafute aliyekosea."

Hakuna aliyecheka. Miezi minne baadaye bibi yule alifariki dunia, na familia ikaanza kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza.

Sasa tujiulize, ndugu msomaji: Je, mashine ile ilikosea? Kwa hakika haikukosea. Ilifanya kile ilichoundwa kukifanya. Ndani ya kamera mna kipimo cha mwanga. Kipimo hicho hakimjui bibi wala bwana harusi. Chenyewe hupima mwanga unaoingia, kisha hudhani kwamba kila kilichoko mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha rangi ya kijivu, si cheupe sana wala si cheusi sana. Kikielekezwa kwenye mawingu meupe au kwenye gauni jeupe la bibi harusi, hudhani kwamba mwanga umezidi, nacho huupunguza. Matokeo yake gauni huwa la kijivu na nyuso huzama gizani. Kikielekezwa kwenye kundi la wahitimu waliovaa majoho meusi, hudhani kwamba giza limezidi, nacho huongeza mwanga mpaka majoho yakapauka na nyuso zikapoteza rangi zake. Ni kweli kwamba kamera nyingi za siku hizi zimeundwa ziweze kutambua uso wa mtu. Hata hizo hudanganyika, hasa pale mwanga unapotoka nyuma ya watu.

Fundi anayejua kazi yake huyafahamu hayo kabla hajainua kamera. Atapima mwanga usoni mwa mtu badala ya kuupima mawinguni. Au ataiamuru kamera iongeze mwanga kuliko yenyewe inavyotaka. Au atawasha taa yake mchana kweupe ili kuondoa giza la usoni. Au atafanya lililo rahisi kuliko yote: atawaomba watu wageuke, au wasogee chini ya mwembe. Kugeuka hakugharimu hata senti moja.

Tena sisi wa Morogoro tuna sababu ya kuyajua hayo kuliko wengi. Mji wetu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la mchana husimama karibu utosini kabisa, na kwa sehemu kubwa ya mwaka haliendi mbali na hapo. Jua la utosini huangusha kivuli cha paji la uso juu ya macho, hata mtu mwenye macho mazuri akaonekana ana mashimo mawili. Ajabu ni kwamba aghalabu sherehe zetu hupigwa picha kati ya kutoka ibadani na kwenda ukumbini, yaani saa saba au saa nane. Mpiga picha mwenye ujuzi hawezi kulihamisha jua, lakini anaweza kutafuta baraza, ukuta wenye kivuli, au kuishauri kamati mapema kwamba picha za familia zingoje mpaka saa kumi na moja.

Usiku nao una elimu yake. Ukumbini mwanga ni mdogo, kwa hiyo mlango mdogo wa kamera unaopitisha mwanga hukaa wazi kwa muda mrefu zaidi. Mkono ukitikisika, au maharusi wakicheza, picha huvurugika. Mafundi wana kanuni ya zamani: ukishika mkononi lenzi ya milimita 200, mlango ule usikae wazi zaidi ya sehemu moja ya 200 ya sekunde; ukishika ya milimita 50, usizidi sehemu moja ya 50. Teknolojia mpya zinasaidia kuutuliza mkono wa mpiga picha, lakini haziwezi kuwatuliza wanaocheza. Na taa ikielekezwa moja kwa moja usoni kwa mtu, uso hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ikielekezwa kwenye dari nyeupe, mwanga hurudi chini ukiwa umepoa. Mwenye taa ya bei kubwa asiyejua hilo hana tofauti na mwenye tochi.

Wazee wetu katika kazi hii hawakuwa na nafasi ya kubahatisha. Mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama ya kuisafisha. Aliyekosea aliligundua kosa lake baadaye, ndani ya chumba cha giza, wakati wenye sherehe wamekwisha tawanyika. Isitoshe, filamu zenyewe hazikuundwa kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi maabara za Marekani na Ulaya zilirekebisha rangi kwa kutumia picha ya mwanamke wa Kizungu kuwa kipimo. Mpiga picha wa Kiafrika au wa Kihindi aliyetaka uso mweusi uonekane kwa heshima yake alilazimika kuyaziba mapungufu ya filamu kwa ujuzi wake mwenyewe.

Ujuzi huo ulipatikana kwa kukaa miguuni pa wanaojua. Kule Zanzibar, Ranchhod Oza alijifunza kazi katika studio ya Gomes kabla ya kufungua yake mwenyewe, Capital Art Studio, mwaka 1930. Na mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo kutoka kwake. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianza akiwa mwanafunzi na kamera ya Box Brownie iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, chombo kisichozidi kisanduku chenye tundu na kioo. Huyo ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliiamsha dunia nzima. Mwaka 1991 alipoteza mkono mmoja katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, lakini akarudi kazini, akaendelea mpaka alipofariki dunia mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro. Chombo duni hakikumzuia kuanza, na vyombo bora alivyovipata baadaye vilimkuta akiwa fundi tayari.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mji huu ndio uliompa jina Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki dunia mwaka 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Mchukue kijana yeyote leo, umnunulie gitaa zuri mara kumi kuliko lile la Mbaraka katika Morogoro Jazz. Je, vidole vyake vitajua pa kwenda? Vivyo hivyo, mtu akinunua basi jipya akaliegesha pale Msamvu, amekuwa tajiri wa basi, bado hajawa dereva. Na hakuna mzazi atakayempandisha mwanawe humo mpaka amwone mtu mwenye leseni ameshika usukani.

Hata hivyo, nisingependa tuwaangushie vijana lawama zote. Wengi wao wamekopa fedha kununua vyombo hivyo, na deni halimwachi mtu akae chini ajifunze. Na ni nani aliyewafundisha kwamba kamera kubwa ndiyo inayoleta kazi? Ni sisi. Sisi wanakamati ndio tunaotazama begi kabla ya albamu. Kijana anapoona mwenzake mwenye ujuzi na kamera ya kawaida amerudishwa mlangoni, atafanya nini isipokuwa kwenda kukopa ili anunue lenzi ndefu zaidi? Soko likilipia vyombo, litaletewa vyombo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari nyingine utakapotumwa na kamati, fanya mambo matatu. Kwanza, usiridhike na picha kumi nzuri alizozichagua. Mwombe akuonyeshe picha zote za sherehe moja, kuanzia asubuhi hadi usiku. Katika mia hata asiyejua hubahatisha kumi. Pili, mwulize swali hili: "Watu wakisimama na jua nyuma yao, utafanyaje?" Huna haja ya kuwa fundi ili kulipima jibu lake. Anayejua ataeleza kwa maneno mepesi. Asiyejua atakutajia bei ya kamera. Tatu, mwulize picha atazihifadhi wapi usiku ule ule. Fundi makini haachi harusi ya watu ndani ya kikadi kimoja kidogo kama ukucha. Atazinakili mahali pawili kabla hajalala.

Nawe kijana mpiga picha, usikasirike. Kamera uliyo nayo yatosha. Ikamate, uende nayo barabarani jioni moja, umwombe mdogo wako asimame kivulini, kisha juani, kisha jua likiwa nyuma yake. Tazama uso wake kila mara, ubadilishe, ujaribu tena. Mtafute yule mzee mwenye ukanda ulioshonwa kwa uzi, umpe shikamoo, umbebee begi kwa miezi mitatu. Kazi za Jumamosi tatu tu ukimfuata zitakufundisha zaidi ya lenzi mpya.

Mwaweza kuuliza picha ya jenezani ilipatikana wapi. Mjukuu mmoja wa bibi, msichana wa shule, alikumbuka kwamba siku ile ya harusi, baada ya kuchoshwa na kusimama juani, bibi aliomba kiti akakaa chini ya mwembe. Msichana akampiga picha moja kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Hakujua lolote juu ya vipimo vya mwanga. Ila bibi alikuwa kivulini, ameuelekea uwanja uliokuwa ukiangaza, na mwanga ule laini ukamjia usoni. Macho yake yanaonekana, na tabasamu lake pia.

Nilisimama mbele ya picha ile siku ya maziko, nikakumbuka maneno yangu kwenye kamati: "Huyu ana vifaa." Picha ile moja iliokolewa na bahati, lakini harusi ina siku moja tu, na bahati haiajiriwi.

Tukutane tena Jumapili ijayo.